Mikono ya Watoto Niliowachora

Mama mmoja kwenye foleni ya kliniki ndiye aliyenionyesha kwamba sijui kuchora mtoto. Ilikuwa mwaka 1986, nina umri wa miaka 18, na fundi wangu alikuwa amepata kazi ya ukuta wa kliniki ya mama na mtoto nje kidogo ya mji wa Dodoma. Ukuta ulikwishapakwa chokaa. Juu yake tulichora mizani ya kuning'iniza, mtoto ndani ya ile chupi ya kitambaa ya kupimia, pembeni muuguzi na mama mzazi. Fundi alichora wakubwa. Mimi nilipewa mtoto. Nilipomaliza nilishuka kwenye ngazi, nikarudi nyuma hatua kadhaa nitazame kazi yangu. Mama mmoja aliyembeba mwanawe mgongoni akasema taratibu, bila nia ya kuniumiza: "Mwanangu, huyu uliyemchora ni mzee. Mmemning'iniza mzee kwenye mizani."

Wenzake walicheka. Nilitazama tena ukutani nikaona alichokiona. Kichwa kilikuwa kidogo kama ndimu juu ya mabega mapana. Macho yalikuwa juu, karibu na nywele. Miguu ilining'inia mirefu, na mikono ilikuwa mikono ya mtu aliyelima misimu mingi. Nilimwendea fundi, naye akanijibu alivyofundishwa na waliomfundisha: "Mtoto ni mtu mfupi. Chora mtu, kisha mfupishe."

Usiku ule sikuridhika. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa na mwaka na miezi michache, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Nilichukua uzi wa katani nikapima kichwa chake kuanzia utosini hadi kidevuni, kisha nikahesabu urefu ule unaingia mara ngapi hadi kisiginoni. Mara nne na kidogo. Nikamwomba kaka yangu asimame wima ukutani: mara saba na nusu. Nikarudi kwa mtoto nipime macho. Kumbe macho ya mtoto yako chini ya nusu ya kichwa. Paji la uso limejichukulia nafasi yote ya juu, mashavu na kidevu vimebanwa chini kama wapangaji. Nilikuwa nimempakata mtoto huyu zaidi ya mwaka mzima, nimemlisha uji, nimemfuta makamasi, na sikuwahi kuona macho yake yako wapi.

Mama aliingia na sufuria ya mlenda akanikuta na uzi juu ya mtoto. Hakupaza sauti. "Toa huo uzi," alisema. "Anayepimwa kwa kamba akiwa amelala ni maiti, anapimiwa kaburi. Mwanangu hapimwi." Nilikunja uzi nikaomba radhi. Tangu siku ile sikupima mtoto kwa uzi tena. Nilijifunza kupima kwa penseli, mkono umenyooshwa na jicho moja limefumbwa, mtoto mwenyewe akiwa macho. Vipimo vyangu niliviandika kwenye daftari ambalo bado ninalo: wa mwaka mmoja, vichwa vinne na kidogo, wa miaka sita, vitano na nusu hivi, wa miaka 12, karibu saba, mtu mzima, saba na nusu.

Miaka mingi baadaye, padri mmoja aliyejua kazi yangu aliniazima vitabu vya picha za Ulaya, na kwa mazungumzo yake nikamfahamu mwanahistoria Mfaransa, Philippe Ariès. Mwaka 1960 Ariès alitoa kitabu kuhusu historia ya utoto. Alitazama picha za Ulaya ya zama za kati, akaona watoto waliochorwa kama watu wazima waliofupishwa, yaani kosa langu la kliniki hasa. Akahitimisha kwamba watu wa zama zile hawakuwa na wazo la utoto kama kipindi cha maisha chenye tabia zake. Wanahistoria waliomfuata wamempinga sana, wakionyesha kwamba wazazi wa wakati uleule waliwalilia watoto wao waliokufa na kuwatengenezea vichezeo.

Mimi nina sababu yangu ya kumkubalia nusu tu. Fundi wangu alikuwa na watoto tisa. Kila jioni kitinda mimba wake alikuja kibandani kumchukua, naye alimbeba begani hadi nyumbani, rangi na yote, wakiimba njia nzima. Sijamwona mwanaume aliyewajua watoto kuliko yeye. Akishika brashi aliwachora wazee wafupi. Alichokijua begani hakikushuka hadi mkononi, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwomba akishushe. Ukuta haukuwa mahali pa kumwonyesha mtoto alivyo. Ulikuwa mahali pa kuonyesha mtoto anatakiwa afanye nini. Basi ninapotazama picha ya mtoto ya zamani, iwe ya Ulaya au ya ukuta wa shule ya Kongwa, siulizi tena kama walimpenda. Naangalia amepewa nini mikononi.

Katika miaka yangu ya kwanza watoto wa ukutani walikuwa wanapewa jembe. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Shule zilijengwa haraka, nyingi katika vijiji ambavyo watu wa Ugogo walihamishiwa kwa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila shule ilitaka ukuta. Kazi ilikuwa ileile kila tulikokwenda: mvulana na msichana, shati jeupe, kaptura na sketi, kitabu mkono mmoja na jembe mkono wa pili, jua linachomoza nyuma yao. Chini tuliandika "Taifa la Kesho". Maneno hayo nimeyaandika kwa brashi mara nyingi kuliko jina langu.

Sisemi picha zile zilikuwa mbaya. Kwa mara ya kwanza msichana wa kijijini alisimama ukutani sawa na mvulana, kimo kimoja, kitabu kimoja. Bibi yangu alipouona ukuta wa shule yetu alimgusa yule msichana kwa kiganja kizima, rangi ikiwa mbichi, na alama ya vidole vyake ikabaki kwenye sketi hadi ukuta ulipopakwa upya. Lakini watoto wale hawakuwa na sura. Tulikuwa na karatasi ya kielelezo iliyokatwa matundu, tunaibandika ukutani na kupitisha rangi, hivyo mtoto wa Mpwapwa alikuwa ndiye wa Bahi na ndiye wa Mvumi. Mtoto mmoja wa taifa zima. Na aliitwa wa kesho, wakati watoto walioketi chini ya ule ukuta, miguu ina vumbi jekundu na matumbo yanangoja uji, walikuwa wa siku ileile.

Bibi alikuwa na sababu ya kuugusa ukuta. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakata. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa Ugogo. Familia nyingine ziliwatoa watoto kwa watu waliokuwa na chakula, zikapewa nafaka. Dada mkubwa wa bibi alitolewa hivyo. Hakurudi. Hapakuwa na picha yake ya aina yoyote, na bibi hakuweza kuniambia uso wake ulikuwaje, ingawa nilimuuliza mara kadhaa nikiwa na penseli tayari. Alikumbuka mkono tu, kwa kuwa mkono ndio aliokuwa ameushika mpaka wakaachanishwa.

Sasa nifike kwenye picha ambayo ningependa nisingeichora.

Mwaka 1994 nilikuwa na kibanda changu karibu na soko la Majengo. Siku moja aliingia baba mmoja wa makamo, akanisalimu "Mbukwenyi", akaketi kwenye kigoda bila haraka kama watu wetu wanavyokaa wakiwa na jambo. Alitoa mfukoni picha ya pasipoti ya binti yake. Alikuwa darasa la saba, amevaa shati la shule, nywele zimekatwa, anatazama kamera kama mtu aliyeambiwa asipepese. Umri wake miaka 15. Baba alitaka picha kubwa kwenye hadibodi.

"Mvalishe kitenge," alisema. "Na kilemba. Umkalishe kwenye kiti, ashike kibuyu cha maziwa."

"Sawa, mzee."

"Na umkuze kidogo, fundi. Usimchore kitoto."

Nilipiga mistari ya miraba kwa penseli juu ya ile picha ndogo, kama tunavyofanya tukitaka kukuza, nikapiga miraba mikubwa kwenye hadibodi, nikahamisha uso mraba kwa mraba. Kisha nikaanza kumkuza. Nilijua jinsi ya kufanya kwa sababu nilijua vipimo. Nilipandisha macho kidogo. Nilirefusha taya, nikapunguza paji la uso na kulificha kwa kilemba. Mwili nilimpa vichwa saba na nusu. Kipimo nilichokipata kwa mdogo wangu aliyelala, kipimo ambacho kingenisaidia kumwona mtoto, nilikitumia kumfuta mtoto. Nilifanya kazi siku nne, nikalipwa vizuri, na nilijivunia kile kibuyu; kilimeta kama kimetoka kupakwa mafuta.

Baada ya mavuno nilikuja kusikia kwamba picha ilipelekwa kwa wakwe kabla ya mahari kukubaliwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kushtakiwa. Yule binti hakuendelea na shule.

Katika vitabu vya padri nilikutana na picha za Margarita, binti wa mfalme wa Hispania, zilizochorwa na Diego Velázquez. Watu wengi wanaijua ile ya mwaka 1656, Las Meninas, ambamo amesimama katikati ya wahudumu wake akiwa na miaka mitano. Ziko nyingine za peke yake. Katika mojawapo ni mtoto mdogo kabisa, gauni limemsimamia kama kibanda, na mkononi ameshika upepeo uliofungwa, kitu cha mwanamke mtu mzima. Picha hizo za peke yake zilipelekwa Vienna ili Leopold, mjomba wake aliyepangiwa kumwoa, aone anavyokua. Walioana mwaka 1666. Margarita alikuwa na miaka 15. Alikufa mwaka 1673, hajafikisha 22, baada ya mimba nyingi. Nilisoma hayo nikafunga kitabu. Velázquez alikuwa mkubwa wa kazi yetu, na hata mimi nisiyefikia kisigino chake naona jinsi alivyompa yule mtoto mashavu yake halisi na macho yake halisi, hakuyapandisha. Gauni na upepeo alichora kama alivyoagizwa, uso alichora kama alivyouona. Mimi niligusa uso pia. Nimelibeba hilo.

Mwaka uliofuata ule wa kibuyu alikuja mwanamke mmoja, na picha aliyoiagiza niliichora kwa namna nyingine, nadhani ni kwa sababu ya ile ya kibuyu. Alikuwa amefiwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mtoto huyo hakuwahi kupigwa picha hata moja. Kitu pekee kilichoandikwa juu yake duniani kilikuwa kadi ya kliniki, ile yenye mchoro wa rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Aliitoa ndani ya khanga akaikunjua juu ya meza yangu. Nukta za wino zilianza vizuri kwenye kijani, zikapanda mwezi hadi mwezi, zikanyooka, zikaingia kwenye kijivu. Kilo tisa. Kisha nafasi tupu hadi mwisho wa karatasi.

Nilimwambia ukweli kwamba siwezi kuchora nisichokiona. Akasema atanionyesha. Akaniletea dada wa marehemu, mtoto wa miaka minne, nichukue macho. Akaniletea shemeji yake nichukue masikio. Yeye mwenyewe alitoa kidevu. Alikaa kibandani siku tatu mfululizo akinielekeza, na kila nilipoelekea kumfanya mtoto mzuri zaidi alinizuia. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi kidogo kwa ugonjwa, nisizitie weusi. Alikuwa na kovu dogo la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, lisisahaulike. Nilipouliza kwa mazoea, "Mikononi nimshikishe nini, mama?" alinitazama kama aliyesikia lugha ngeni.

"Hakuwa ameshika kitu," alisema. "Alikuwa anakaa tu."

Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii, mteja aliyesema hivyo ni yeye peke yake.

Nilipopata nafasi ya kwenda Kolo, wilayani Kondoa, nilikwenda na swali hilohilo la mikono. Michoro ya miambani ya Kondoa iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kabla ya hapo, mwaka 1951, mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa miezi akinakili mamia ya maumbo kwa karatasi na rangi. Kutoka Kolo unapanda kwa miguu, jua linakupiga mgongoni, hadi kwenye miamba iliyoinama kama paa. Rangi nyekundu bado imeng'ang'ania jiwe. Watu ni wembamba na warefu, viungo vimevutwa, baadhi vichwa vyao ni vya duara kubwa kama nywele zilizotimuliwa. Kuna twiga, pofu, tembo. Juu ya nyekundu kuna michoro myeupe ya baadaye, iliyopakwa kwa kidole. Eneo lile halijafa: wenyeji bado hupanda hadi mwamba uitwao Mungomi kuomba mvua na uponyaji.

Nilitafuta mtoto. Nilienda mwamba mmoja hadi mwingine, nimenyoosha penseli na kufumba jicho moja, nahesabu vichwa. Kila nilipoona umbo dogo nilisogea, nikakuta mwili wake una vipimo vilevile vya wakubwa. Huenda ni mtoto. Huenda ni mtu aliye mbali. Mchoraji aliyepaka pale alitumia udogo kwa kazi moja tu, na mimi sikuweza kujua ni kazi gani. Mzee aliyetuongoza, Mrangi, aliniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, alifikiri kidogo akasema watoto ndio waliotumwa kuleta mafuta na maji ya kuchanganyia rangi. Sijui alilitoa wapi, na yeye hakudai kulijua kwa hakika. Alisema tu kwamba katika nyumba yoyote anayetumwa ni mtoto. Nilikaa chini ya ule mwamba muda mrefu nikiwaza mikono midogo iliyobeba rangi na haikuchorwa.

Watoto wenyewe, wakiachwa, huchora nini? Utotoni kwetu tulifinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, kundi zima, tukawapanga kwenye kivuli cha mbuyu na kuwaswaga kwa vijiti. Hatukufinyanga watoto. Bruegel, mchoraji wa nchi za chini za Ulaya, mwaka 1560 alijaza mji mzima watoto zaidi ya 200 wanaocheza: wengine wanabebana, wengine wanasukuma magurudumu, wengine wanapiga vichwa chini miguu juu. Ukiwatazama kwa karibu nyuso zao ni za wakubwa, kosa letu lile. Lakini mikono yao ina vitu vya kwao. Namstahi kwa hilo kuliko wengi waliojua vipimo.

Dodoma yangu imebadilika. Serikali iliamua kuhamia hapa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 tulikuwa makao makuu kwenye karatasi zaidi kuliko mitaani. Baada ya 2016 wizara zilihamia kweli, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Nzuguni, Kisasa, Ilazo, Ihumwa, kote nyumba zimeota. Wamekuja watumishi wenye watoto wawili au watatu, wenye simu zilizojaa picha za watoto hao. Ghafla kazi ya kuchora sura za watoto, iliyokuwa nadra kama mvua ya Septemba, imekuwa kazi ya kila wiki. Vijana wanaifanya kwa penseli na mkaa kwenye karatasi nzito, wanakuza kutoka kwenye simu, na wengi wao wananishinda kwa mbali. Watu wanataka picha ya siku ya kuzaliwa, ya komunyo ya kwanza, ya maulidi. Zaidi ya yote wanataka ya mahafali ya chekechea.

Mara ya kwanza sikuelewa nilipoletewa picha ya mtoto wa miaka mitano ndani ya joho jeusi na kofia ya mraba, cheti kimefungwa utepe mkononi. Nilidhani ni mchezo wa kuigiza. Sasa nimechora nyingi kiasi kwamba nina joho moja la kielelezo kichwani, nalibadilisha rangi ya ukingo tu. Nikiliweka kando ya jembe la miaka ya themanini naona mkono uleule wa mzazi, umebadilisha kifaa. Wakati ule tulihitaji nchi ijilishe, tukampa mtoto jembe. Yule baba alihitaji ng'ombe, akampa binti kibuyu. Leo tunaogopa ajira na ushindani, tunampa mtoto shahada kabla hajang'oka meno ya utoto. Kuta za chekechea zimejaa madaktari na marubani wenye vichwa vikubwa, vipimo sahihi kabisa.

Hata hivyo sitaki kulaumu wazazi hawa, kwa kuwa wamenipa kitu ambacho fundi wangu hakuwahi kukipata: wanataka mtoto wao, yule mmoja. Wanaleta simu na kusema, "Huyu ana kishimo upande mmoja tu, baba, usiweke pande zote." Mtoto wa matundu ya karatasi amekwisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, na mimi nimeichukua sheria hiyo hadi kibandani: silipwi kwa picha ya mtoto aliye hai mpaka aje mwenyewe akae, hata dakika kumi, aniambie anataka kushika nini. Wazazi wengine wananiona msumbufu. Mtoto mmoja aliomba kushika kiatu chake. Mwingine aliomba ashike mkono wa dada wa kazi, na hapo palitokea mjadala mrefu kati ya wazazi, mjadala wa heshima, mwisho wakakubali.

Mwishoni mwa mwaka 2019 mwanamke mmoja aliingia kibandani kwangu. "Shikamoo, fundi," alisema, akabaki amesimama. Sikumtambua. Redio ilikuwa imetangaza wiki chache nyuma kwamba Mahakama ya Rufani imethibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu wasichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwanamke yule hakuitaja kesi. Alisema, "Ulinichora na kibuyu."

Nilisimama. Nilitaka kuomba radhi, na nadhani niliomba, lakini hakuwa amekuja kwa hilo. Aliuliza kama ile picha ndogo, ile ya sare, niliirudisha kwa baba yake. Sikuirudisha. Baba hakuiomba, na mimi situpi picha za wateja. Tulitafuta pamoja kwenye makopo ya maziwa ninamowekea, vumbi linapaa, mpaka tukaipata. Ilikuwa imefifia na kuwa ya kahawia, na juu ya uso wake ilibaki ile miraba ya penseli niliyoipiga mwaka 1994, imepita kwenye macho, puani, kwenye ukosi wa shati la shule. Nilitaka kuifuta kwa kifutio. Aliniwahi mkono.

"Iache. Utafuta na mimi," alisema.

Nje alikuwa amemwacha binti yake wa miaka 12, wa darasa la sita, aliyekuwa anakula ubuyu na kutema mbegu mbali kwa kushindana na yeye mwenyewe. Mama alimwita, akaniambia anataka picha ya huyu. Niliuliza avalishwe nini. "Alivyo." Nikamuuliza binti mwenyewe anataka kushika nini, naye akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu kwa ubuyu, akauliza kama lazima ashike kitu.

Alikaa kwenye kigoda kilekile alichokalia babu yake, miguu haikai sehemu moja. Nilinyoosha penseli, nikafumba jicho. Vichwa sita na nusu, na macho bado chini kidogo ya nusu. Upepo wa Dodoma ulikuwa unaleta vumbi, nikafunga mlango nusu ili rangi isishike mchanga, nikaanza na mikono.